Falanga ya Zamu: Malori Yanayolala Kwenye Viwanja vya Watu Lubumbashi

Jua likianza kushuka, malori yanayotoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hupunguza mwendo na kuanza kutafuta pa kulala. Mbele ya depo ya saruji kule Kampemba, au kwenye uwanja wa stasheni ya mafuta katika barabara ya Likasi, motoboi, msaidizi wa dereva, anashuka na kumwendea zamu, mlinzi wa uwanja. "Papa, mutusaidie, tulale hapa, asubuhi mapema tunatoka." Noti chache zinapita mkononi, geti linasukumwa, na tani 50 zinaingia juu ya uwanja uliojengwa kwa ajili ya magari ya wateja. Mwenye mali yuko nyumbani kwake, hana habari. Asubuhi atakuta matofali yamezama, doa la mafuta, na pengine remoki (trela) iliyoachwa peke yake bila kichwa kinachoivuta.

Mazungumzo juu ya jambo hili mjini yamebaki kwenye adabu. Wenye biashara wanasema madereva hawana heshima, madereva wanasema wenye biashara hawana huruma. Yote mawili yanapita pembeni ya shida. Uwanja huo tayari umepangishwa, tena kila usiku, na aliyeupangisha ni mtu ambaye hawezi kulipa hata tofali moja likivunjika. Zamu anapokea falanga, mwenye mali anabeba uzito, madhara na kesi. Mwenye kampuni ya Lubumbashi ana njia mbili tu za kutoka hapo: afunge uwanja wake kwa vitu vinavyoonekana na kushikika, au aufungue kama biashara yenye bei, karatasi na ardhi iliyotengenezwa. Njia ya katikati, ile ya "tutaona", ndiyo inayogharimu zaidi.

Kwanza tuangalie kwa nini wanakuja, maana bila hilo hata geti la chuma halitasaidia. Kasumbalesa iko karibu kilomita 90 kutoka Lubumbashi, na Kolwezi ni kama kilomita 300 mbele yetu. Lori linalomaliza karatasi za forodha mchana haliwezi kufika Kolwezi kabla ya giza. Mji wetu uko pale pale ambapo siku ya dereva inakwisha. Wanaokwenda upande wa pili, na shaba juu, nao hulala hapa ili waingie kwenye foleni ya mpaka asubuhi. Tena kuna wanaongoja tu: mgodi umewapa siku ya kushusha ambayo haijafika, depo imejaa, deklara, wakala wa forodha, hajaleta hati, Jumapili imeingia. Mwezi wa 8 mwaka 2024, Zambia ilipofunga kwa siku chache mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa sababu ya mvutano juu ya biashara ya vinywaji, kila mtu aliona jinsi kizuizi kidogo kule kinavyorudisha magari huku.

Sababu ya pili haizungumzwi sana, nayo ni pesa ya safari. Dereva anayetoka Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000, mara nyingi hupewa fungu moja la posho kwa njia nzima. Parkingi ya kulipia inatoka kwenye fungu hilo hilo analolia chakula na analotaka kulifikisha nyumbani. Akimpa zamu noti mbili badala ya kulipa parkingi yenye risiti, tofauti inabaki mfukoni mwake. Na akilala pembeni ya barabara anajua kinachomngoja: mazuti (dizeli) ikinyonywa kwenye tangi, betri kung'olewa, turubai kupasuliwa. Kwa hiyo geti lolote lenye taa na zamu linamvuta. Haki yake ya kulala salama ni ya kweli. Kosa ni kwamba gharama ya usalama huo imewekwa juu ya mtu ambaye hakuulizwa.

Sasa ardhi, ambayo ndiyo hasara kubwa na ndiyo watu wanaielewa kidogo.

Gari dogo la tani moja na nusu lina ekseli mbili, kila moja ikibeba kilo 750 hivi. Ekseli moja ya lori lililojaa hubeba tani 8 hadi 10. Mtu anaweza kudhani kwamba madhara ni mara 13 zaidi. Sivyo. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uchakavu hupanda takriban kwa nguvu ya nne ya uzito wa ekseli. Ukifanya hesabu, 13.3 mara yenyewe mara nne, unapata zaidi ya 31,000. Ekseli moja ya tani 10 ikipita juu ya uwanja wako mara moja, imefanya kazi ya ekseli 31,000 za gari dogo. Kanuni hiyo ilipimwa kwenye barabara, na uwanja wa tofali una tabia zake, lakini mwelekeo ni ule ule: wateja wa mwaka mzima hawafikii lori moja linaloingia na kutoka.

Matofali ya kupanga ya unene wa sentimita 6 ni ya miguu na magari madogo. Kwa malori ya kugawa bidhaa unahitaji sentimita 8, na kwa remoki za ekseli tatu sentimita 10. Hata hivyo, tofali lenyewe si shida kuu. Kinachobeba ni tabaka la chini. Viwanja vingi vya biashara mjini vimewekwa juu ya mchanga uliomwagwa kwenye udongo mwekundu usioshindiliwa. Kiangazi udongo huo ni mgumu kama sufuria na mwenye uwanja anajisifu. Mvua zikianza mwezi wa 11, maji yanaingia kati ya matofali, udongo unalainika, na tairi linachimba mfereji ambao hautarudi tena hata ukiusawazisha juu. Mji huu hupata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya mwezi wa 11 na wa 4. Uwanja uliovumilia malori mwezi wa 8 haujathibitisha lolote.

Kugeuza ndiko kunakoharibu zaidi kuliko kusimama. Remoki yenye ekseli tatu zilizofungana haina namna ya kupinda vizuri. Ikikata kona kali, tairi za ekseli ya mbele na ya nyuma zinaburuzwa kando kwa nguvu, na lami inachanika au matofali yanasukumwa yakitoka kwenye mstari. Alama yake inatambulika: nusu duara karibu na geti, matofali yameinuka upande mmoja na kuzama upande wa pili. Ukiiona hiyo, usipoteze pesa kubadilisha matofali tu. Tabaka la chini limeshakatika.

Kisha kuna vitu vilivyofichika. Mfuniko wa fosi septiki (shimo la choo) wenye zege la sentimita 10 umejengwa kwa ajili ya miguu ya watu, na gurudumu la lori linautoboa bila taabu. Bomba la maji la plastiki lililozikwa sentimita 30 linapasuka polepole, unaliona tu bili inapopanda au ukuta unapoloa. Pale magari mazito yanapopita lilipaswa kuwa sentimita 80 chini. Juu nako, waya wa umeme unaovuka kutoka nguzo hadi nyumba: kontena refu la mita 2.9 juu ya remoki hufika mita 4.2 au 4.3 kutoka ardhini. Waya ulioning'inia kwenye mita 4 utanaswa, na dereva aliye ndani hataona chochote hadi asikie kelele.

Remoki iliyoachwa bila kichwa ndiyo mgeni mbaya kuliko wote. Kichwa kikiondoka, mzigo wa mbele unashuka juu ya miguu miwili ya chuma. Remoki iliyojaa tani 30 inaweza kuweka tani 12 hadi 15 juu ya miguu hiyo, kila mguu ukiwa na kisahani cha kama sentimita 25 kwa 25. Piga hesabu: ni kilo 10 hadi 12 kwa kila sentimita ya mraba, na tofauti na tairi, uzito huo haupiti ukaenda. Unakaa pale siku tatu, wiki, mwezi. Lami iliyopigwa na jua la mwezi wa 10 inaukubali mguu kama ugali unavyokubali kidole. Mguu mmoja ukizama zaidi ya mwenzake, remoki inainama upande, na kontena lenye mzigo wa juu linaweza kulala kabisa. Hata isipoanguka, pua ikishuka sentimita kumi kichwa hakiwezi tena kuingia chini yake. Madereva wataanza kuisukuma kwa nguvu, pini itagonga mahali isipotakiwa, na kinachofuata ni jeki, magogo na nusu siku ya kazi kwenye uwanja wako.

Dawa yake ni rahisi mno: ubao mgumu wa sentimita 50 kwa 50, unene 5 hadi 8, chini ya kila mguu. Eneo linakuwa mara nne, mgandamizo unashuka hadi robo. Mbao za plaiwudi hazifai, zinapasuka usiku wa kwanza. Anayetaka kuliondoa tatizo moja kwa moja amwage zege chini ya sehemu ya miguu: upana wa mita 4, urefu wa mita 3, unene sentimita 20. Hiyo ni mita za ujazo 2.4. Kwa kilo 350 za saruji kwa kila mita ya ujazo, unahitaji mifuko 17 ya kilo 50 kwa nafasi moja, pamoja na wavu wa chuma. Gharama hiyo inalingana vibaya sana na noti mbili za zamu, na ndiyo maana hesabu lazima ifanywe na mwenye mali.

Mzigo nao una neno lake. Migodi yetu inakula salfa, asidi ya salfuriki, chokaa iliyochomwa, mafuta na vilipuzi, na vyote hivyo vinapita barabarani. Chokaa iliyochomwa ikipata maji inachemka na kutoa joto kubwa. Tangi la asidi likivuja juu ya zege linalila zege, na likifika kwenye kisima cha kuchimba hakuna mtu wa kulirudisha. Zamu anayefungua geti saa moja usiku hasomi kibandiko cha rangi ya chungwa nyuma ya lori, wala hakufundishwa. Kwa upande mwingine, lori la shaba: tani 32 za katodi, kwa bei ya dunia ambayo katika 2024 wastani wake ulizunguka dola 9,000 kwa tani, ni karibu dola 288,000 zimelala nyuma ya ukuta wako. Nani alijua zipo? Dereva, motoboi, zamu, na kila mtu ambaye zamu alimpigia simu. Wezi wakija, hawataiba shaba peke yake.

Na hapo ndipo sheria inapoingia. Ardhi ya Kongo ni ya Serikali tangu sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973. Mwenye lupango (kiwanja) ana konsesyo, yaani haki ya kuitumia, na ndani ya mipaka ya hati yake anaamua nani aingie. Kila mtu anajua hivyo. Kisichojulikana ni upande wa pili wa haki hiyo. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, cha mwaka 1888 na bado kinatumika, kinasema katika ibara ya 258 kwamba anayeleta hasara kwa kosa lake anailipa. Ibara ya 259 inaongeza uzembe. Ibara ya 260 inakwenda mbali zaidi: mtu anajibu pia kwa matendo ya wale walio chini yake kikazi na kwa vitu alivyo navyo chini ya ulinzi wake. Zamu wako ni mtu wa kazi yako. Akipokea pesa getini pako, amevaa kofia ya kampuni yako, wakili wa mwenye mzigo hatahangaika sana kueleza kwamba gari lilikuwa chini ya ulinzi wa kampuni. Wewe utajitetea kwamba hukujua, na mbele ya hakimu utetezi huo ni mwembamba.

Tofauti moja inafaa kuandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Kumpa mtu nafasi ya kusimamisha gari ni kupangisha. Kupokea gari ili ulilinde ni kuwekewa amana. Wajibu wa mwenye amana ya kulipwa ni mzito zaidi, kwa sababu lazima arudishe kitu kama alivyokipokea. Karatasi yako ikisema "gardiennage" (ulinzi) huku bei yako ni ya kupangisha nafasi tu, umejifunga kamba mwenyewe. Sema kwa maneno wazi unachouza.

Kwa hasara inayofanywa na lori, bima ipo. Sheria inalazimisha kila gari kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine, na malori ya nchi za jirani huja na Kadi ya Njano ya COMESA. Lakini bima haimlipi mtu asiyejua ni gari gani lilimgonga. Pasipo namba ya gari, namba ya kadi, picha ya ukuta kabla na baada, na kitabu cha kuingia na kutoka, madai yako ni hadithi. Zamu aliyeingiza gari kwa siri hataandika kitu, maana karatasi ingemfichua.

Basi kwa anayetaka kukataa, akatae vizuri. Kibao cha "Parkingi marufuku" peke yake hakijamzuia mtu. Kinachozuia ni umbo la uwanja. Pipa la lita 200 likijazwa zege lina uzito wa karibu kilo 480. Ukiyapanga kwa nafasi ya mita moja na nusu kati yao, mtu na mkokoteni vinapita, lori halipiti. Yapake rangi nyeupe, yawe na urefu unaoonekana kutoka kwenye kiti cha juu cha lori, kwa sababu jiwe fupi lisiloonekana linapasua tangi la mafuta na linakuletea kesi. Kwa uwanja wenye wateja wa magari madogo, weka nguzo ya kimo mlangoni kwenye mita 3 hivi. Ijengwe mahali ambapo dereva anaiona akiwa bado barabarani. Ikiwekwa ndani sana, ataingia nusu, atagundua hawezi, na atarudi kinyumenyume kwenye barabara ya taifa usiku. Nguzo hiyo iwe na bawaba na kufuli, ufunguo ukae getini, kwa sababu gari la zimamoto nalo ni refu.

Kabla ya kuweka mawe, soma hati yako na utafute mawe ya mpaka. Ule ukanda ulio kati ya ukuta na lami, ambao wenye maduka wengi wanauita wao, mara nyingi ni wa barabara. Ukipanga mapipa pale, umeziba njia ya umma, na mtu wa pikipiki akigonga usiku, kosa linageuka kuwa lako. Lori likisimama kwenye ukanda huo, ni jambo la polisi wa barabara na sheria ya barabara ya 1978. Likiwa ndani ya mpaka wako, ni jambo la mali na madhara, na polisi wa barabarani si mtu wa kwanza wa kumwita: piga picha zenye saa, mpigie mwenye gari kwa namba iliyoandikwa mlangoni, andika barua, peleka kwenye komini.

Kuna adhabu mbili zinazopendwa mjini ambazo zinafaa kukomeshwa kabisa. Ya kwanza ni kutoa upepo kwenye tairi. Remoki iliyojaa ikikaa juu ya tairi tupu, mbavu za tairi zinavunjika, gari linainama, na sasa haliwezi kuondoka hata dereva akitaka. Ulitaka nafasi yako, umepata mzigo wa kudumu na deni la tairi. Ya pili ni kukata au kufungua mipira ya hewa ya breki. Breki za kuegesha za lori zinakazwa na springi na kuachiwa na hewa. Hewa ikitoka, magurudumu yanakaa yamefungwa. Mtu akileta tingatinga kulivuta, matairi yaliyokwama yanalima uwanja wako kutoka mwisho hadi mwisho. Kumbuka pia kwamba hata lori zima, likilala usiku na kuvuja kidogo, linahitaji dakika kadhaa injini ikinguruma ili kujaza hewa. Kumgombeza dereva saa kumi na moja alfajiri kwamba anachelewa makusudi mara nyingi si haki.

Anayeamua kufungua uwanja aanze na vipimo. Lori moja lenye remoki lina urefu wa mita 16.5 hadi 18.5, na zile za remoki mbili kutoka kusini hufika mita 22. Nafasi moja: upana mita 4, urefu mita 22. Ukipanga safu mbili zinazotazamana na njia ya mita 20 katikati, kila lori linakula mita za mraba 88 za kusimama na 40 za nusu ya njia, jumla 128. Hekta moja, ukiondoa geti, choo na mzunguko, inatosha malori 50 au 60. Wanaosema uwanja wao wa mita 30 kwa 40 unaingiza malori 15 wanahesabu magari yaliyobanwa kama dagaa. La nyuma likitaka kutoka saa tisa usiku, yote lazima yahamishwe, na hapo ndipo kuta zinapoanguka.

Geti linahitaji hesabu yake. Sharti linalotumika Ulaya kwa lori la mita 16.5 ni kwamba liweze kuzunguka ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 12.5 kwa nje, na mita 5.3 kwa ndani. Geti la mita 5 linalofunguka moja kwa moja kwenye barabara nyembamba haliwezi kukubali mzunguko huo. Ama upana uwe mita 8 au zaidi, ama geti lirudishwe ndani ili lori linyooke kwanza. Na jambo moja ambalo wajenzi wetu wanalisahau: sisi tunaendesha kulia, lakini malori ya Zambia, Tanzania na Afrika Kusini yana usukani upande wa kulia. Dereva wake anaporudi nyuma anaona vizuri upande wa kulia tu. Remoki ikipinda kushoto, anategemea kioo na motoboi. Basi panga nafasi za wageni ili warudi nyuma wakipinda kulia, na nafasi za magari yenye usukani wa kushoto upande wa pili. Mpango huo wa chaki ardhini haugharimu kitu, na unaokoa kona za nyumba.

Ardhi: shindilia udongo kwa tabaka za sentimita 15, si zaidi, ukiwa na unyevu kidogo. Juu yake kokoto za sentimita 20 hadi 30. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ili maji yasisimame, na mfereji usiomwaga kwa jirani. Kokoto zikizama zinaongezwa kwa toroli. Lami ikivunjika inaitwa mkandarasi. Kwa malori yanayodondosha mazuti, kokoto zina faida nyingine, kwa sababu mazuti huyeyusha lami. Weka ndoo za mchanga na beleshi kila nafasi tano, kale mbili (kabari za kuzuia magurudumu) kwa kila lori, na uwanja wote uwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima. Usijazie mashimo kwa mabaki ya migodi hata ukipewa bure. Vumbi lake wataligawana wafanyakazi wako na wateja.

Bei isikisiwe. Tuchukue mfano wa hesabu tu: umetumia dola 12,000 kutengeneza nafasi 10, unategemea zidumu miaka 5, na usiku sita kati ya kumi zinajaa. Hizo ni lala 10,950 (lala moja ni lori moja kwa usiku mmoja), yaani dola 1.10 kwa kila moja. Zamu wawili, kila mmoja dola 200 kwa mwezi, ukigawa kwa lala 180 za mwezi, ni dola 2.22. Taa na mafuta ya jenereta dola 150, ni 0.83. Maji, choo na usafi dola 100, ni 0.56. Umefika dola 4.71 kabla ya kodi, bima na faida. Anayetoza mbili anakula uwanja wake mwenyewe bila kujua. Zamu naye apate asilimia inayoandikwa kwa kila risiti. Mshahara wake ni mdogo na biashara hii ameijenga yeye. Akinyimwa kabisa, ataendelea nayo gizani.

Karatasi moja inatosha: namba ya kichwa na ya remoki, jina la kampuni na simu yake, namba ya bima au Kadi ya Njano, aina ya mzigo, saa ya kuingia, saa ya mwisho ya kutoka, na maneno kwamba ni kupangisha nafasi. Mzigo wa hatari hauingii. Remoki haiachwi bila kichwa ila kwa ruhusa ya ofisi, juu ya mbao, na baada ya saa 24 bei inapanda mara mbili. Picha nne zipigwe, moja kila upande.

Lakini sehemu ya malipo haya si ya dereva, wala si ya mwenye uwanja. Migodi, wenye depo na waagizaji wakubwa wameugeuza mji kuwa sehemu ya kungojea kwao, bila kulipa. Mgodi unampa lori siku ya kushusha, unalizuia getini ili mambo yawe safi ndani, na usiku tatu za kungoja zinaangukia stasheni ya mtu wa Kampemba. Anayepanga siku ndiye anayetengeneza kungoja, naye ndiye anayepaswa kulipia. Kwenye komande (oda) ya usafiri iandikwe mistari miwili: parkingi ya usiku inarudishwa kwa risiti, nje ya posho ya dereva, na mpokeaji akichelewesha kushusha, parkingi ni yake. Dereva mwenye uhakika wa kurudishiwa dola zake tano hatakuwa na sababu ya kuongea na zamu. Ataomba risiti.

Na kampuni ya usafiri ikikataa kuandika mistari hiyo, mwenye uwanja ana namba ya kampuni mlangoni mwa lori, picha nne, na kitabu chenye saa. Barua ya madai inaenda huko, Ndola au Dar es Salaam, si kwa kijana aliyelala kwenye kiti cha nyuma ya usukani.